Punje Moja ya Haragwe

Huku kwetu mwanamke akishajifungua mtoto wa kwanza, jina lake la usichana huwekwa kando. Sokoni, kisimani, kanisani au msikitini, ataitwa kwa jina la mtoto huyo mpaka siku atakapozikwa. Kwa hiyo nilishtuka, siku ile ya kwanza, kusikia majirani wakimwita mama mwenyeji wetu kwa jina la mtoto wake wa pili. Wa kwanza alikuwapo. Alikuwa na miaka sita, ameketi nyuma ya nyumba chini ya mwembe, kiunoni ana ukanda wa kitenge uliokazwa kwenye shina la mti. Jina lake ni zuri, la Kiha, lenye maana kwamba Mungu ndiye ajuaye. Lilikuwa limeacha kutumika.

Nilifika pale kama mkalimani. Mimi ni mwalimu mstaafu, mzaliwa wa vijiji vinavyoizunguka Mtabila, wilayani Kasulu nchini Tanzania, na Kiha ndiyo lugha niliyoinyonya. Mwanasaikolojia wa watoto niliyefuatana naye alitoka mbali. Kiswahili chake ni kizuri kuliko changu, lakini mama na bibi wa nyumba ile mambo mazito huyasema kwa lugha wanayosali nayo. Walimwita Daktari. Aliwaeleza kwamba yeye hachomi sindano na begi lake halina dawa. Waliitikia kwa heshima, wakaendelea kumwita Daktari.

Alipotoa daftari na kalamu, mama alinyamaza. Daktari alidhani ni haya. Mimi nilijua ni nini, kwa sababu hapa Mtabila kalamu ina historia. Tangu miaka ya 1990 eneo hili lilikuwa kambi ya wakimbizi kutoka Burundi. Mwaka 2011 familia zilihojiwa ili ijulikane nani bado ana sababu ya kulindwa na nani arudi kwao. Walioonekana wana sababu walikuwa wachache, wakahamishiwa kambi ya Nyarugusu. Wengine, zaidi ya watu 30,000, walirudishwa Burundi katika miezi ya mwisho ya 2012, na kambi ikafungwa Desemba mwaka huo. Leo mahali pale pana kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT). Mama huyu hakuwa mkimbizi. Alikuwa binti wa kijiji jirani aliyewauzia watu wa kambini mihogo na maharage, na Kiha chake na Kirundi chao vilielewana bila mkalimani. Aliona rafiki zake wakiitwa, wakiulizwa, wakiandikwa, kisha wakipanda magari. Alijifunza mapema kwamba mgeni akiuliza huku anaandika, kuna mtu ataondoka.

Nilimnong'oneza Daktari. Alifunga daftari, akalirudisha begini, akavua viatu, akaomba mkeka.

Kiswahili kina neno moja kwa mambo mawili. Kukaa ni kuuweka mwili chini, na kukaa ni kuishi. Tunamwambia mgeni akae, na tunasema fulani anakaa Kasulu. Nilifundisha sarufi miaka mingi bila kuona mafundisho yaliyomo katika neno hilo. Daktari alikaa. Saa nzima ya kwanza hakumgusa mtoto, hakumwita, hakumtaka amtazame. Alikaa mkekani hatua tatu kutoka kwake, uso wake usawa na uso wa mtoto, akawa anaongea na mama kwa sauti ya chini. Bibi aliniuliza kwa Kiha huyu mgeni ataanza kazi saa ngapi. Nami sikuwa na jibu, maana swali hilo hilo nilikuwa nalo moyoni.

Maswali yake yalikwenda polepole. Mimba ilikuwaje? Uchungu ulichukua muda gani? Mtoto alilia alipozaliwa? Amewahi kupata degedege? Malaria kali je? Mtu akipiga makofi nyuma yake, hugeuka? Swali la masikio huja mapema, maana mtoto asiyesikia naye haitiki akiitwa, na msaada wake ni mwingine kabisa. Huyu alisikia vizuri. Aliitambua pikipiki ya baba yake ikiwa bado mbali, kabla sisi wengine hatujasikia lolote. Jina lake ndilo halikumgeuza.

Kisha alitaka kuona watoto wanavyocheza. Vipimo vingi vya ukuaji wa mtoto vilitungwa Ulaya na Marekani, vikiwa na picha na wanasesere ambao mtoto wa kijijini kwetu hajawahi kuwaona, na akishindwa kuvitambua anahesabiwa kuwa na upungufu. Pwani ya Kenya, mtafiti Amina Abubakar na wenzake walitengeneza kipimo kilichopewa jina la Kilifi, chenye vifaa na shughuli ambazo mtoto wa huku anazifahamu. Daktari naye aliomba gunzi la hindi na kipande cha khanga. Dada mdogo, mwenye miaka mitatu, alilifunga gunzi mgongoni mara moja akaanza kulibembeleza lilale. Kaka yake alipopewa lake aliligeuza, akapitisha kidole kwenye vishimo vyake, safu baada ya safu, mpaka mwisho, kisha akaanza upya. Uso wake ulikuwa umetulia kama uso wa mtu anayesoma.

Ndipo likaja swali ambalo maneno yake ni mepesi, lakini lilinielemea kulitafsiri. Je, mtoto huyu amewahi kukuonyesha kitu kwa kidole, wakati hakitaki, ila anataka na wewe ukione?

Mama alifikiri muda mrefu. "Hapana," alisema. "Akitaka maji hunishika hapa," akagusa kifundo cha mkono wake, "akaupeleka mkono wangu kwenye mtungi. Mkono anauona. Mimi hanioni."

Nililala na swali hilo. Mtoto wa mwaka mmoja na miezi kadhaa huuonyesha mwezi kwa kidole. Haulilii, wala hatarajii kupewa. Anauonyesha, kisha anakugeukia usoni kuhakikisha kwamba na wewe umeuona, na mkishauona wote wawili ametosheka. Wataalamu huifuatilia sana ishara hiyo, kwa sababu kwa watoto wengi wenye usonji huchelewa, au haiji kwa namna tuliyoizoea. Mimi usiku ule niliitazama kwa upande wangu. Nimesali zaidi ya miaka hamsini. Nilipojaribu kuzikumbuka sala zangu, niliona kwamba katika nyingi nilimshika Mungu kifundo cha mkono nikaupeleka mkono wake kwenye mtungi: karo, mvua, pensheni, mguu wa mke wangu uliokuwa unavimba. Mara chache sana nilimwonyesha kitu ili tukitazame pamoja. Na hajanitoa katika hesabu ya wanawe kwa sababu hiyo. Mkono aliniachia miaka yote, akasubiri.

Siku ya pili Daktari alilitaja jina: usonji. Sikupata neno moja la Kiha la kulibeba, kwa hiyo nilieleza kama alivyoeleza yeye. Ubongo wa mtoto huyu ulianza kujengeka kwa mpangilio wake mwenyewe tangu akiwa tumboni. Sauti, mwanga na mguso vinaweza kumfikia kwa nguvu kuliko vinavyotufikia sisi. Maneno yanachelewa, na kwa wengine hayaji kabisa, ingawa yapo mengi wanayoyaelewa. Anapenda mambo yaende vilevile kila siku, na yakibadilika ghafla ni kama ardhi imetikisika chini ya miguu yake. Usonji hauambukizi. Hauna dawa ya kuuondoa, na anayeuza dawa hiyo anauza uongo. Lakini mtoto hujifunza, tena sana, akipata watu wa kukaa naye.

Bibi, aliyekuwa akisikiliza mlangoni, alisema kambini nako kulikuwa na mmoja. Kijana wa kama miaka kumi, aliyepita njia ileile kila asubuhi akigusa kila mti kwa mkono wa kulia. Watu walimzoea. Siku ya magari alilia na kujipiga kichwa mpaka akafungwa kwa shuka, akapandishwa na mama yake, na watu wakasema pepo wake hataki kurudi Burundi. Bibi aliniangalia. "Mwalimu, kumbe alikuwa anaumwa njia yake?" Nilimtafsiria Daktari, naye akaitikia kwa kichwa. Hakuna aliyesema neno kwa muda.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 takriban mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Shule ya mwisho niliyofundisha ilikuwa na wanafunzi zaidi ya 700. Nilipiga hesabu: watano, au sita. Nilijaribu kuwakumbuka. Wawili niliwakumbuka papo hapo, na mmoja wao nilimchapa. Alikuwa akivuma kwa puani wakati wa somo, sauti moja isiyokatika, na nikimwambia anitazame alitazama dirishani. Nilidhani ni kiburi. Nilimchapa mbele ya wenzake, na baada ya siku chache hakuonekana tena shuleni. Sikwenda kwao kuuliza. Nimeungama mambo mengi maishani mwangu. Hilo sikuliungama, kwa sababu sikujua kwamba lilikuwa dhambi.

Mama alikuwa na swali lake moja tu. "Nilifanya nini?"

Jibu alikwishapewa na wengi kabla yetu. Shangazi wa mumewe alisema ni mizimu ya upande wa mama. Mganga alichukua mbuzi wawili. Kwenye maombezi aliambiwa afunge siku saba na aungame dhambi aliyoificha, na alipokosa ya kuungama, aliambiwa hiyo ndiyo dhambi yenyewe. Hakuyasimulia kwa uchungu. Aliyasimulia kama mtu anayetoa hesabu ya alichotumia.

Hayuko peke yake. Joseph Gona na wenzake walipowahoji wazazi na wataalamu katika pwani ya Kenya, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2015, walisikia haya haya: pepo wabaya, uchawi, laana. Wapo pia waliotaja maambukizi na matatizo ya wakati wa kujifungua. Wala tusidhani kwamba lawama hutoka kwa waganga tu. Leo Kanner, daktari aliyefanya kazi Baltimore nchini Marekani, aliandika mwaka 1943 habari za watoto 11 aliowaona, na ndipo mlango wa elimu hii ulipofunguka. Lakini haukupita muda wasomi wakaanza kuandika juu ya ubaridi wa wazazi. Mwaka 1964 Bernard Rimland, mwanasaikolojia ambaye pia alikuwa baba wa mtoto mwenye usonji, alitoa kitabu cha kuonyesha kwamba mambo haya yana msingi katika mwili, wala wazazi hawana hatia. Hata hivyo mwaka 1967 msomi Bruno Bettelheim naye alitoa chake, na wengi wakaamini kwamba mama asiye na upendo ndiye aliyemfungia mwanawe katika ukimya. Akina mama wa miji mikubwa, wenye magari na majokofu, walirudi nyumbani na mzigo uleule ambao mama huyu wa Mtabila alipewa na shangazi wa mumewe. Tofauti ni kwamba wao walitwishwa na mtu aliyevaa koti jeupe.

Nimejiuliza kwa nini lawama hutangulia mahali pote. Nadhani ni kwa sababu jambo lisilo na mkosaji linatutisha. Tukishampata wa kulaumiwa, tunalala, kwa kuwa sisi hatukufanya alichofanya yeye. Wanafunzi wa Yesu walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu, waliuliza kosa ni la nani, lake au la wazazi wake, na bwana wao akawajibu kwamba si la yeyote kati yao. Na sura ya 80 ya Kurani iliteremka kumwonya Mtume Muhammad, alipokunja uso na kumpa kisogo kipofu aliyemjia wakati anazungumza na wakubwa wa mji. Hivi ndivyo vitabu tunavyoapa navyo mahakamani. Vyote viwili vilimwona mtu aliyesukumwa pembeni, na vyote viwili vikamsimamia.

Daktari hakujibu upesi. Kisha alisema, nami nikayarudia kwa Kiha mara mbili, maana mara ya kwanza sauti ilinikwama: "Mama, hukufanya kosa. Hakuna ulichokula, ulichosema wala ulichokosa kusema kilichomfanya awe hivi." Alieleza kwamba kwa mtoto mmoja mmoja mara nyingi chanzo hakijulikani. Urithi wa vinasaba una sehemu kubwa. Malaria kali inaweza kuumiza ubongo, na wapo watafiti waliochapisha mwaka 2006 habari za watoto wa Tanzania ambao dalili zao zilionekana baada ya maradhi makali. Chanjo si chanzo: andiko la mwaka 1998 lililozusha hofu hiyo, jarida lenyewe lililolichapisha lililifuta mwaka 2010. Mama alisikiliza yote. Daktari alipomaliza, mama aliinuka akaenda kuchochea moto wa uji, na akakaa jikoni muda mrefu kuliko uji unavyohitaji.

Mimi ni mtu wa sala, na sitasema neno dhidi ya sala. Lakini nimejifunza kuipima. Sala inayomwacha mama na mzigo mkubwa kuliko aliokuja nao ina kasoro mahali fulani, hata kama imesaliwa kwa machozi na kwa sauti kubwa. Daktari hakusali kwa sauti pale mkekani. Sijui hata dini yake. Ila nilipomwona saa ile ya kwanza, amenyamaza, amemwelekea mtoto asiyemwelekea, bila kuudhika wala kuhesabu muda, nilimkumbuka padri mzee aliyetufundisha katekisimu, ambaye alikuwa akisema kumwabudu Mungu ni kuwapo.

Kuhusu ule ukanda wa kitenge hakuuliza mpaka siku ya tatu. Mama alijibu bila kuinua macho: "Mto uko karibu, na jembe halishikiki kwa mkono mmoja." Nilitegemea karipio. Hata mimi karipio lilikuwa limenifika mdomoni. Daktari aliuliza tu: "Ukienda shamba, nani anaweza kukaa naye?"

Hapo babu, aliyekuwa kimya siku zote tatu akichonga mzinga barazani, alisema neno lake la kwanza. "Mimi."

Huku kwetu, Kasulu na Kibondo, nyuki ni elimu. Mfugaji huutundika mzinga juu ya mti, akaondoka. Hana uwezo wa kuwaita nyuki. Anachoweza ni kuchagua mti mzuri, kuupaka mzinga nta kwa ndani ili unukie nyumbani, kuzuia sisimizi, kisha kupita siku kwa siku kimyakimya kutazama kama wameingia. Anayeugonga mzinga ili ajue kama kuna kitu ndani huwafukuza aliokuwa akiwangoja. Babu alipomwona Daktari amekaa hatua tatu kutoka kwa mjukuu wake, alimwelewa kabla yetu sote. Tangu siku ile amekuwa akienda na mjukuu wake mizingani kwa njia moja, wakipumzika kwenye jiwe moja. Ukanda wa kitenge sasa unafunga kuni.

Ziara iliyofuata ilikuwa baada ya majuma matano. Mama alikuwa anachambua maharage kwenye ungo, yale ya mchanganyiko, na mtoto alikuwa akiziokota punje na kuzipanga kwenye mkeka: mbili za njano, moja nyekundu, mbili za njano, moja nyekundu, mstari mrefu ulionyooka kama umepimwa kwa kamba. Zamani mama alikuwa akiufagia mstari huo. Daktari alikaa, akachukua punje moja ya njano, akaiweka mwishoni. Mtoto aliiondoa akaitupa. Sikuona kosa liko wapi, mpaka Daktari aliponionyesha kwamba mstari ulikuwa umefika zamu ya nyekundu. "Mimi ndiye sikusoma," alisema. Hakujaribu tena siku hiyo. Alianza kupanga mstari wake mwenyewe kando, akimfuata mtoto punje kwa punje, njano mbili, nyekundu moja, kimya.

Hivyo ndivyo kazi hii ilivyo. Asiyeijua akipita njiani ataona mwanamke msomi anacheza na maharage. Shirika la Afya Duniani lina programu ya kuwafundisha walezi wa watoto hawa, vikao 9 vya kikundi na ziara 3 za nyumbani, na imefika Kenya na Ethiopia. Msingi wake ni huu huu: mfuate mtoto aliko, jiunge na anachokipenda, mpe nafasi ya kujibu. Daktari aliwafundisha mama na baba kutumia maneno machache, kisha kungoja wakihesabu moyoni mpaka kumi. Waligawa kazi ya kunawa mikono katika hatua ndogo, wakaifundisha kuanzia hatua ya mwisho ili kila mara mtoto amalize kwa kufaulu. Baba alichora kwa mkaa kwenye vipande vya katoni: mtungi, sahani, kitanda, mzinga. Sasa mtoto akitaka maji huleta katoni ya mtungi, akaiweka mkononi mwa mama. Mara ya kwanza alipofanya hivyo alimtazama usoni, kitambo kifupi kama kufumba na kufumbua. Mama aliniambia hakuteka maji mara moja, alikuwa amesahau mtungi uko wapi.

Sitaki kupamba. Mtoto huyu bado hasemi. Zipo siku za vilio ambazo nyumba nzima hulala imechoka. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa haki ya elimu na matibabu, na chuo cha Patandi huko Arusha kinafundisha walimu wa elimu maalumu. Kuna vituo vyenye ujuzi wa usonji kama Irente Rainbow huko Lushoto na Gabriella huko Moshi. Lakini kutoka Kasulu hadi huko ni safari ndefu ya basi, na mtoto wa namna hii basi lenyewe ni mateso kwake. Wanasaikolojia wa watoto nchini ni wachache, na wengi wako mijini. Tunahitaji wafike huku, na mpaka watakapofika, tunahitaji watu wa huku wafundishwe: mhudumu wa afya wa kijiji, mwalimu wa awali, katekista, ustadhi wa madrasa, babu mwenye mizinga.

Masika yalipokuwa yanaisha tulirudi kwa mara ya nne. Mkeka ulikuwa umetandikwa tayari. Mtoto alikuwa katikati ya mstari wake. Daktari alikaa, akausoma mstari kwa muda, akachukua punje nyekundu akaiweka mwishoni, akarudisha mkono mapajani. Mtoto aliitazama punje. Akautazama mkono uliokuwa umeileta. Kisha akachukua za njano mbili, akaziweka baada ya ile nyekundu, na mikono yake ikatulia. Alikuwa anangoja. Zamu ilikuwa ya Daktari.

Wakati huohuo jirani alipiga hodi uani, akamwita mama kwa jina la yule binti mdogo, kama kawaida. Mama aliitika. Kisha, bila kuinua sauti, alisema kwa Kiha: "Huyo ni wa pili. Mimi nina wa kwanza." Akamtajia jirani jina la mtoto wake mkubwa, lile lisemalo kwamba Mungu ndiye ajuaye. Jirani alisimama kidogo, kisha akamsalimu upya kwa jina hilo.

Ndugu yangu unayesoma, yuko mama kama huyu mtaani kwako, kwenye basi lako, katika safu ya nyuma ya kanisa au msikiti wako. Mtoto wake atalia, atavuma, atakimbia, hatakutazama. Usimwulize mama amerogwa na nani. Mwulize mtoto anaitwa nani. Akikujibu, mwite mama kwa jina hilo, leo, na kila utakapokutana naye.